Kuhusu Waya Usioonekana kwenye Mchoro wa Scola

Kibirizi, Kigoma.

Kwa Mwalimu wa umeme, chuoni kwa mjukuu wangu.

Ndugu Mwalimu Thobias,

Nakuita ndugu kwa adabu tu, undugu hatuna. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa: marahaba. Mimi shule sikuiona, kwa hiyo nasema mimi, anaandika Scola. Ndiyo, Scola huyohuyo ninayekuja kumshitaki. Nimemwambia akipunguza neno hata moja, ugali wa leo atausikia harufu.

Shauri lenyewe ni hili. Mwanangu Gervasi anavua dagaa usiku kwa taa, na kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenye taa zake kimeungua. Scola akasema tusihangaike, atatengeneza kingine yeye, maana ndiyo masomo uliyompa. Nikafurahi, nikamchinjia jogoo. Akafungua kompyuta, akachora. Jogoo hajashuka vizuri tumboni, nikachungulia mchoro. Niliyoyaona nakuletea kwa heshima zote.

1. Waya unatoka kwenye betri, unakwenda kidogo, unakatika kama mkia wa mbuzi. Penye ncha ameandika TAA. Huku ng'ambo ya pili ya mchoro kuna kimkia kingine, nacho kimeandikwa TAA. Katikati hamna kitu, peupe. Nikamuuliza waya uko wapi. Akasema, Bibi wee, jina likiwa moja kompyuta inajua zimeungana. Mwalimu! Vipande viwili ambavyo havijawahi hata kuonana! Huku kwetu hata mchumba huja na mshenga.

2. Sisi ni watu wa nyavu. Wavu ukitoboka hatuandiki jina upande huu na jina upande ule kisha tukashuka ziwani. Tunashona. Dagaa hawasomi.

3. Anasema kwenye chombo chenyewe waya wa kweli utakuwepo, ataushika kwa mkono na kuuchoma kwa risasi ya kuyeyusha. Sasa kama utakuwepo, kwa nini asiuchore? "Utakuwepo" ni neno la wanaume wanaoposa. Nimelisikia sana ujanani.

4. Kila pembe ya mchoro amechora kijifagio kimeinama. Nikadhani ni usafi. Kumbe anasema hiyo ni ardhi, na vijifagio vyote vimeungana huko chini. Mwalimu, ardhi ya Kigoma naijua, nimeilima mihogo tangu sijaolewa. Imenipa mihogo, imenipa na mchwa. Waya haijanipa hata siku moja.

5. Na tufuate hoja yako mpaka mwisho. Jina likiwa moja, mmeungana. Haya, mimi naitwa Marcelina. Kasingirima yuko Marcelina, Ujiji yuko Marcelina, na kwenye jumuiya yetu yuko Marcelina anayekoroma wakati wa rozari. Wa Ujiji akinywa uji, mbona mimi sishibi? Na huyu wa kukoroma, nimeunganishwa naye kwa idhini ya nani? Naomba jibu.

6. Hili ndilo linaloniuma. Mwanangu mwingine, Leonardi, yuko Kagunga. Tangu mvua zianze hajakanyaga hapa kunijulia hali. Juzi kapiga simu, Scola akamsimulia masomo yako, akacheka mpaka simu ikatetemeka, akasema, Mama, si unaona, jina la ukoo ni moja, tumeungana, nije kufanya nini tena? Mwalimu, umempa mtoto wangu cheti cha uvivu.

7. Nilimlazimisha Scola achore waya zote, asiache hata mmoja. Alichora huku amenuna. Mchoro ulipomalizika ulikuwa kama wavu uliotolewa kwenye mawe. Jirani yetu Candide akauliza ni ramani ya mji gani. Scola mwenyewe akapotea humo humo, akawa anafuata waya kwa kidole anarudi alikotoka. Sawa, lakini angalau zilikuwepo!

Kwa hiyo nimechukua hatua. Sanduku la vifaa vya Scola nimelikalia. Nasema na wewe hivi sasa niko juu yake. Gervasi ananizunguka kama kuku anayetaka kutaga, maana mwezi umeanza kumegeka, na usiku wa giza ukifika boti zote zitashuka ziwani na taa zao. Ya kwake itabaki mchangani, nami vichanja vyangu vya kuanikia vitakaa vitupu. Scola naye analia chini chini, anasema hii ndiyo kazi yake ya kwanza na bibi yake ndiye anayeizuia. Roho inaniuma, huyu ndiye kipenzi changu. Lakini sinyanyuki mpaka uniandikie kwamba jina haliungani na jina bila waya.

Nisalimie wanafunzi wako wote, waambie wale vizuri. Msalimie mkeo, na mpishi wa chuo, Scola anasema maharage yake yanaiva. Zaidi ya wote nisalimie mama yako mzazi. Jina lake silijui, na salamu isiyo na jina haifiki, basi nimemwagiza Scola aulize kwa wenzake hapa hapa kwenye simu.

Ni mimi bibi yake Scola, niliyekaa,
Marcelina.

N.B. Jibu la simu limekuja. Kumbe mama yako anaitwa Marcelina! Mbona hukusema mapema? Somo yangu huyo! Basi mtoto wa somo yangu ni mtoto wangu, na wewe Thobias kuanzia leo ni mwanangu, nikufokee nitakavyo. Mwambie mama yako nimemtengea dagaa wa kwanza watakaopatikana, na njooni wote mle migebuka. Sijamwona hata uso, lakini hayo ni ya nini, jina si hilo? Sandukuni nimeshanyanyuka. Scola anataka barua iishe akachome waya zake, na Gervasi amekwishakimbilia botini kupima nafasi. Namba moja mpaka saba zifute.

Ila nyongeza hii Leonardi asisomewe. Yeye aje.