Supu ya Kuku wa Teresiah

Jumapili, 1 Julai 1979
Dada yangu Teresiah amekwenda Murang'a. Binti yake Wacuka amejifungua. Ameniachia kuku ishirini na wanne wa mayai, kwenye banda la waya nyuma ya nyumba yake hapa Mbotela. Tangu awe mjane anaishi kwa mayai hayo. Mimi naishi kwake, kwa hiyo hata mimi.
Alinishika mkono akasema, Bedan, hao ndio mume wangu sasa. Chakula cha gunia tu, bakuli mbili asubuhi, mbili jioni. Nikamwambia aende kwa amani, niliwahi kumponya farasi wa mzungu kule Limuru kwa majani matatu na mate. Akasema farasi huyo ameshamsikia.
Mayai ishirini leo. Lakini baridi hii! Bakuli mbili ni chakula cha mgonjwa. Nimewaongezea mahindi na ukoko wa ugali.

Jumanne, 17 Julai
Mayai tisa. Kuku mmoja amekufa akiwa mnene kama padri. Nimempasua. Ini la manjano, laini, linamegeka kidoleni kama keki.
Walter Otiende akanikuta hapo. Huyu ni karani wa stoo ya reli, anafuga kuku Kaloleni, na hakuna asilolijua. Akauliza nawalisha nini. Nikasema cha gunia. Akatazama kihori, akauliza kama siku hizi gunia linapika ugali.
Anasema ini limezama kwenye mafuta. Niache mahindi, niwape mchicha na manjano ya unga, kijiko kimoja kwa wote. Akaongeza kuwa mimea hiyo husaidia ini, ila haishindani na mlishaji. Akaniaga, kwaheri daktari wa farasi.

Jumatano, 18 Julai
Nimewaza. Kwa mimea Otiende hajakosea. Kwa kipimo amekosea. Mchicha ni mboga ya watoto. Kwetu mwanamume akila nyama akajaa, anachemshiwa mizizi michungu ndani ya supu ya mifupa, na asubuhi yuko shambani. Nilifika darasa la nne tu, lakini hilo hawafundishi darasa lolote.
Nimenunua mizizi kwa Nzembi, muuza dawa za miti karibu na Barabara ya Jogoo. Akauliza supu ni ya wazee wangapi. Nikasema ya akina mama ishirini na watatu. Akanitazama juu mpaka chini, akaniongezea fungu la bure.
Nimechemsha na mifupa yenye uboho, nikatia kopo zima la manjano. Mafuta yalielea juu kama blanketi. Nikamwaga juu ya mahindi, maana uchungu mtupu haushuki. Wamekula mpaka wakalamba waya.

Ijumaa, 20 Julai
Mayai sita. Wamekufa watatu.
Otiende amepita. Akachovya kidole kihorini, akalamba, akaomba chumvi. Nikamweleza dawa yangu. Alicheka, halafu akaacha kucheka ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema mzee Bedan, ini limezama mafutani, nawe unalitia dawa ndani ya mafuta. Akaomba awapeleke kwake mpaka dada arudi.
Nimekataa. Mbotela nzima ingesema nimeshindwa na karani.

Jumatatu, 23 Julai
Amekufa yule mwenye shingo nyeupe. Teresiah humwita Mama Kanisa, kwa sababu kila alfajiri huimba kabla ya wote. Alifia mapajani mwangu. Kilemba chake kilikuwa kimepauka. Aliniangalia kwa jicho moja, kama mtu anayengoja jibu.
Nikaondoka kwa miguu mpaka Kaloleni kumwambia Otiende awachukue. Nikafika mlangoni. Ndani alikuwa anawasimulia wageni habari za supu, wanacheka mpaka wanakohoa. Nikarudi. Ningebisha tu. Ilikuwa kubisha mara moja.
Supu ilikuwa imeshapikwa. Nikawapa.

Jumamosi, 28 Julai
Teresiah amerudi. Amewahesabu mmoja mmoja. Kumi na wanne, maana watano zaidi wamekufa tangu Jumatatu. Nikaanza kusema juu ya baridi. Akaniomba nishike taa ya banda tu, nisiseme.
Hakunigombeza. Alikwenda mwenyewe kumwita Otiende, wakawatia kuku kwenye matenga wapelekwe Kaloleni. Alipomuuliza, Otiende alimwambia mwaka huu ni baridi. Hakutaja supu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.
Dada alinipa chai na mkate. Aliweka kikombe mezani, hakunipa mkononi.

Jumapili, 29 Julai
Ameenda kanisani peke yake. Nimekaa karibu na banda tupu. Limebaki yai moja kwenye majani, baridi. Nimeliweka jikoni kwake, katikati ya sahani, ndiyo salamu yangu.
Nimekiri makosa yote mbele ya Mungu. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na kiburi. Nililia kidogo. Halafu nikafikiri vizuri. Kosa kubwa ni kwamba nilianza kuwapa wakiwa tayari wagonjwa, tena mara moja kwa siku.
Kesho Otiende atakuwa kazini. Nitapita Kaloleni kuwaangalia kuku tu.
Mifupa nimeshaibandika jikoni.