Mdhamini Wangu, Bwana Deogratias

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Tegeta.

Nimeitwa kwenye usaili! Alhamisi, saa nne asubuhi, duka la jumla la vifaa vya ujenzi kule Wazo. Kazi ya kutunza stoo. Miezi kumi na moja bila kazi, sasa basi!

Ila Godlisten wa chumba cha mbele naye kaitwa. Nafasi ni mbili, lakini roho imeniuma. Nilimkuta kibarazani anapiga pasi shati na mluzi juu. Eti twende wote. Nikamwambia tutaona.

Kikwazo: fomu inataka mdhamini, mtu anayenifahamu miaka isiyopungua mitatu, na namba yake ya simu. Godlisten kaandika mchungaji, mwalimu, bosi wa zamani, nafasi ikamwishia. Mie nimepitia majina yote kwenye simu. Fundi bomba. Muuza gesi. Baba mdogo, marehemu. Dalali aliyenitafutia chumba, sidhani kama ananikumbuka. Basi, yameisha.

Jumanne, 9 Septemba.

Nimepata dawa! Nimesajili laini ya pili ya simu. Kidole kwenye mashine, dakika tano, tayari. Mdhamini wangu ni Bwana Deogratias, meneja mstaafu. Ananifahamu tangu nazaliwa, hapo sijadanganya. Fomu nimeipeleka mwenyewe.

Jioni mazoezi. Simu mbili, sikio huku na huku. Deogratias ana sauti nzito, ya mtu aliyeshiba. Nikamuuliza huyo Revelian, yaani mie, ni mtu wa namna gani. Akasema mwaminifu, mpole, hana makuu. Kisha akaniuliza nimeshindaje, nimekula nini. Sijaulizwa hivyo tangu Pasaka. Sikutaka kukata. Kifurushi chote kimekwisha.

Jumatano, 10 Septemba.

Tupokigwe, dada jirani yangu wa ukuta mmoja, kagonga. Kasikia wanaume wawili wakiongea jana, je, nina mgeni? Nikasema ndiyo, mjomba kutoka Bukoba. Akafurahi kuliko mie! Anasema hajawahi kuona mtu akija kwangu. Mara kaleta sinia: wali, maharage, samaki wawili, sahani mbili.

Nimepakua zote mbili. Ya mgeni nimeila mwisho, imeshapoa. Nimetokwa na machozi kidogo. Pilipili.

Alhamisi, 11 Septemba.

Aibu! Aibu tupu!

Maswali ya stoo nimeyajibu yote. Bi Hayat, mwenye duka, akatabasamu, akachukua simu. Kumbe hapigi kwanza. Anafanya kama anatuma pesa, aone jina la mwenye laini. Akaitazama simu. Akanitazama. Akaitazama tena. Jina langu, majina yote matatu! Mbona sikufikiri? Kidole nilikitoa mwenyewe!

Sikukubali kushindwa. Nikadai mzee ana shida ya kitambulisho, laini nilimsajilia mie. Haya, akasema, akapiga. Simu ikalia mfukoni kwangu.

Nikapokea. Sijui kwa nini. Nikasema haloo, kwa sauti nzito.

Bi Hayat hakucheka. Akaniuliza taratibu kama kweli sina hata mtu mmoja, Dar nzima. Godlisten kapata nafasi yake. Yangu kaiweka mpaka Jumamosi saa tatu: nimpe namba ya mtu wa kweli, apige.

Godlisten alinisubiri getini turudi pamoja. Nimetokea mlango wa nyuma.

Ijumaa, 12 Septemba.

Tupokigwe kaja kuchukua sinia, akamuulizia mgeni. Nikamwambia yote, sijui ulimi umeponyokaje. Alicheka mpaka akakaa kizingitini. Kisha akanuna. Mwaka wa nne tunatenganishwa na tofali moja, kwa nini sikumwandika yeye? Anajua naamka saa ngapi. Anakijua kikohozi changu. Anajua sijawahi kukwepa zamu ya kufagia uwanja. Huyo Bi Hayat apige tu kesho, ataambiwa hakuna mtu mwaminifu nyumba hii kama Revelian.

Sijawahi kusemewa hivyo, ukimtoa Deogratias.

Nikamshukuru sana. Lakini udhamini unataka uzoefu, na yeye hajawahi kumdhamini mtu. Nimemwomba aniachie simu tu, kuanzia saa mbili asubuhi. Laini ina jina lake, safi kabisa. Nimekunywa maji ya moto na asali. Sauti ya kike inatoka vizuri mpaka neno la tatu.