Ufunguzi wa Kituo cha Kujifunza kwa Kutenda, Tura

Mheshimiwa Bwana Shauri wa Wilaya, ambaye hakuja lakini kiti chake kimekuja, Mheshimiwa Mtemi, aliyetuletea mwanangwa wake, yaani mkuu wake wa kijiji, na mwanangwa mwenyewe, ambaye naambiwa yuko njiani, Baba Paroko, Mchungaji wa Moravian, Mwalimu wa chuo cha Kurani, Bwana Stesheni wa Tura, aliyeiacha treni ya mizigo isubiri kwa heshima yetu, walimu mliotoka Tabora mjini na Bukene, wazazi, watoto mlioketi chini kwa utaratibu, na wengine wote ambao vyeo vyenu havikuenea katika karatasi ya karani wangu Nassibu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, na walio katikati nawasalimu kwa namna wenyewe mtakayoona inafaa. (Vicheko kidogo. Mzee mmoja nyuma anaitikia marahaba peke yake.)

Mimi, Eustace Masolwa, Msimamizi Msaidizi wa Kwanza wa Mafunzo ya Vitendo, nieleze kwanza kwa nini mkutano ulioandikwa saa tatu unaanza saa sita kasoro robo. Hatukuchelewa. Tulikuwa tukikagua njia. Pale barabara ya zamani ya misafara inapogawanyika tulikuta tawi bichi limelazwa kwenye njia ya kushoto, nami, kwa kuwa sipendi takataka katika barabara ya umma, nikamwagiza Nassibu ashuke alitupe, kisha tukaendelea kushoto kwa mwendo wa heshima mpaka gari likazama kwenye tope la mbuga hadi kwenye ekseli. (Vicheko. Msichana mmoja mbele: "Tuliifunga sisi ile njia, bwana.") Nimeshaelezwa, mwanangu. Nimeelezwa wakati mkinisukuma. Kumbe wapagazi wa zamani walifanya hivyo: aliyetangulia akigundua kwamba njia ni mbovu, hulaza tawi ili walio nyuma wasipotee, na darasa la hapa bado linafanya hivyo, barabarani na hata ubaoni, anayekosea hesabu akiweka jani juu ya kosa lake badala ya kuchapwa. Nimelinakili jambo hilo, na litatokea katika ripoti yangu likiwa limepewa jina refu zaidi.

Sasa, ndugu zangu, kujifunza kwa kutenda ni nini? Swali hilo nimelishughulikia kwa miezi kumi na minne mfululizo, nikiwa nimeketi nyumbani kwangu Chemchem, Tabora mjini, nikajaza majalada sita, nikahudhuria semina mbili juu ya jembe bila kuchafua viatu, na kwa uwezo huo nimeunda Skimu Jumuishi ya Uratibu wa Utendaji wa Kujifunza Kunakotokana na Utendaji, ambayo hata mimi siku nyingine huisoma mara mbili. (Makofi ya walimu.) Utafiti wetu umeonyesha kwamba asilimia tisini na mbili ya walimu wanakubali kwamba mtoto hujifunza kwa mikono yake, asilimia nane zilizobaki ni mwalimu mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa na homa. (Sauti: "Ni mimi, nimeshapona." Vicheko.) Karibu tena, mwalimu. Nassibu, andika asilimia mia.

Mkitazama upande wangu wa kulia mtaona ukumbi mkubwa wa Kituo, wenye madirisha kumi na mawili. Na nyuma yake karakana, bweni la walimu wanafunzi, na kisima cha pampu. (Watu wanageuka kutazama. Wanageuka tena. Mzee Mfaume, fundi seremala kutoka Tabora, anasimama: "Bwana Masolwa, umesema upande wa kulia wako au wetu?") Maswali ni mwishoni, mzee wangu. (Mfaume: "Basi nitasimama hapa hapa nisije nikasahau.") Simama tu, kiti chako atakikalia mwanangwa akifika.

Nije katika jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu, maana sijidanganyi kwamba mmeifuata hotuba. Mezani kwangu ipo barua ya Bi Tekla, mjane wa Mwalimu Raymundi, aliyefariki mwezi wa Novemba. Bi Tekla anaomba jambo moja tu: aruhusiwe kuendelea na darasa la marehemu mumewe, watoto arobaini na mmoja, ambalo amelishika tangu wiki ya pili baada ya matanga. Asiporuhusiwa, darasa linafungwa Jumatatu, na watoto watapelekwa shule ya jirani, mwendo wa saa nne kwa miguu, yaani hawatakwenda.

Mwezi wa Februari nilikuja kumkagua. Nikakuta chumba kitupu, nikaandika: mahudhurio, sifuri. Nikatoka, nikawakuta wote kwenye barabara ya misafara, wamejitwisha matita ya kuni, wanapima kwa kamba yenye mafundo mpagazi anakwenda umbali gani kabla ya kutua mzigo. Nikamsimamisha msichana mmoja, Kuluthumu, ndiye huyo aliyesema habari ya njia, nikamuuliza: mtu akitoka hapa na mzigo, atafika Tabora kwa siku ngapi? Akaniuliza, "Mzigo gani, bwana, na ana viatu?" Nikaandika: mwanafunzi hajibu swali. (Vicheko.) Nikaikagua kamba. Fundo la saba lilikuwa limefungwa karibu mno na la sita, pungufu ya shibiri moja. Nikamwambia Bi Tekla, kifaa chako si sahihi, lifungue ulifunge upya. Akasema, "Alilifunga Raymundi. Watoto wanajua, wakifika hapo wanaongeza shibiri." Nikamuuliza, lakini kwa nini usilifungue? Akasema, "Nimelizoea, bwana." Hilo sikuliandika. (Msemaji anakunywa maji.)

Niliporudi ofisini niliyaandika yale niliyoyaona, chini ya jina la Mpango wa Masolwa wa Vipimo vya Nje, kwa sababu ripoti lazima iwe na mwenyewe. (Bi Tekla: "Raymundi angecheka sana.") Naamini, mama. Ripoti ile ilipanda treni hadi Dar es Salaam, ikasomwa kwa sauti mbele ya wakubwa, wakafurahi, wakaagiza kijengwe Kituo mahali hapa hapa, nao wakakipa kanuni kumi na saba. Kanuni ya tisa inasema kwamba katika Jimbo zima la Magharibi mtu yeyote asifundishe kwa vitendo pasipo cheti cha Kituo. (Minong'ono. Mwalimu mmoja: "Kwa hiyo darasa lake ndilo limemfukuza?") Limemtangulia, mwalimu. Tutumie lugha ya ofisi.

(Bi Tekla anasimama: "Sina neno, bwana. Nitaingia hicho Kituo nikisome hicho cheti. Nionyesheni mlango tu." Mzee Mfaume: "Na mimi swali langu ni hilo hilo, mwaweza kuyajibu pamoja.") Subirini. Kuna tatizo dogo la kiutaratibu. Kituo hakiwezi kumpokea mwanafunzi mpaka kiwe na mkufunzi. Sifa za mkufunzi ziko katika kanuni ya kumi na moja: awe amefundisha kwa vitendo darasa lisilopungua watoto arobaini, nje ya chumba, kwa vifaa vya mahali hapo. Tumemtafuta mtu huyo kutoka Kigoma hadi hapa, tumeandika barua sitini na tatu, na walioonekana kuwa na sifa hizo ni wawili tu, mmoja wao marehemu. (Watu wote wanamtazama Bi Tekla. Yeye anatazama pindo la ushungi wake.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa na ambayo sijawahi kuyatumia, namteua Bi Tekla kuwa mkufunzi wa kwanza wa Kituo, na katika nafasi hiyo anampokea Bi Tekla kuwa mwanafunzi wa kwanza. Darasa lake la mazoezi litakuwa lile lile la watoto arobaini na mmoja. Muda wa mafunzo utaendelea mpaka majengo yazinduliwe. (Makofi yasiyokuwa na uhakika. Bi Tekla: "Na nikimfelisha?") Atarudia, mama. Tena namjua, mbishi yule, atarudia miaka mingi. (Vicheko virefu. Baba Paroko anafuta miwani.)

Nikisema Kujifunza, semeni Kwa Kutenda. Kujifunza. (Umati: "Kwa kutenda.") Mikono Mbele, Mdomo Nyuma. (Mfaume: "Anza wewe." Vicheko.) Naelekea mwisho, mzee wangu, na swali lako ndilo mwisho wenyewe.

Nakushukuru wewe, fundi Mfaume, kwa kibao ulichokichonga chenye jina la Kituo, kwa kuwa ndicho sehemu pekee ya Kituo iliyokamilika. Nawashukuru wote mliotazama upande wangu wa kulia mkaona majani na mbuzi wa Bwana Stesheni, mkanyamaza kwa adabu. Ukumbi haupo, bweni halipo, wala kisima. Ramani yenyewe niliambiwa itakuja na treni, sikuambiwa mwaka. Lakini ripoti inayosema Kituo kimefunguliwa niliituma juzi, na kuanzia Jumatatu darasa la Bi Tekla ni darasa la Kituo, si shule isiyo na kibali. (Kuluthumu: "Na wakija kutufunga?") Wakija, kanuni ya kumi na nne inataka, kabla darasa la Kituo halijafungwa, mkaguzi athibitishe kwanza kwa maandishi, akitia sahihi, kwamba ameliona jengo kwa macho yake. Mkaguzi wa njia hii yote ni mimi, na karatasi hiyo, wanangu, mimi sitaitia sahihi kamwe. Mimi si mwongo.