Kabla Ladha Hajaona

Ijumaa, 12 Julai

Nimerudi kutoka kwa daktari. Moyo umechoka. Alisema kwa upole, kama mwenye duka anayemwambia mteja kwamba sukari imekwisha. Nina miaka themanini na mbili, nilifundisha baolojia miaka thelathini na minne, najua moyo ni msuli. Nimepokea vizuri. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Njiani nilipita dukani kwa Ladha kumpa taarifa. Akanikatiza na ya kwake. Madaktari wa macho wanakuja mjini wiki ijayo. Jumatano anatolewa mtoto wa jicho, Alhamisi anafunguliwa bandeji. Alhamisi! Na kitu cha kwanza atakachokitazama, anasema, ni Rani.

Hapo ndipo moyo ulipochoka kweli.

Lazima niandike. Sitaki kufa nalo. Rani ni samaki wa dhahabu wa Ladha. Alikuwa. Ladha alimlea miaka kumi na moja katika tangi la kioo nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Aliishi humo na kamba wadogo wekundu ishirini na sita, kila mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Samaki wa aina yake huwala kamba kama karanga, lakini Rani alikuwa mnene na mvivu. Kamba walimpanda mgongoni wakamsafisha. Macho ya Ladha yalipoingia ukungu, mwaka jana, alinikabidhi mimi kazi ya kulisafisha tangi. Mimi, mwanasayansi. Mimi, rafiki yake wa miaka arobaini na mitano.

Septemba nilifunua kifuniko, nikakaa kitini niyasubiri maji yatulie, nikasinzia. Kuamka, Rani yuko sakafuni. Amekwisha.

Nilimweka kwenye mfuko wa karatasi ili nikamzike kwangu kwa heshima. Kwa miguu yangu hii, kutoka dukani hadi nyumbani ni dakika ishirini na tano. Dakika kumi za kwanza nilibeba marehemu. Zilizobaki nilibeba kitoweo.

Nilimla. Haya, nimeandika. Kwa ndimu na chumvi, na ugali wa mtama. Ladha hali nyama, hali samaki, hata yai hagusi. Rani kwake alikuwa mtu wa nyumbani. Nami nikalamba vidole.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeamka hai. Naendelea.

Baada ya kula nilinunua perege hai kwa wavuvi wa Singidani. Ziwa lile lina chumvi, kwa hiyo nilimzoesha maji ya tangi kidogo kidogo, siku tatu, ndani ya ndoo. Kazi ya kitaalamu kabisa. Nikamtia tangini. Kufika Jumapili kamba wote ishirini na sita walikuwa tumboni mwake.

Ladha hakujua. Alisogeza uso kwenye kioo, akaona kivuli kinapita mbio, akafurahi kwamba Rani amepata ujana.

Leo nimekwenda na mpango wa kwanza: kumkatisha tamaa. Nimemwambia dunia imechakaa sana tangu alipoiona mara ya mwisho. Barabara zina mashimo, watu wamekunjamana. Ana miaka sabini na tisa, anataka kuona nini? Ladha akajibu kwamba anataka kuona kama kweli mimi nimezeeka kuliko yeye, maana kila asubuhi namlazimisha aniamkie shikamoo kwa ajili ya miaka mitatu tu, na hana ushahidi.

Leela, mke wa mwanawe, ndiye anayekaa kaunta. Yeye ana macho mawili mazima na anajua perege ni perege. Nilipombadilisha samaki nilimwomba anyamaze ili mzee asihuzunike, akakubali. Leo amenivuta pembeni, kwenye mapipa ya rangi. Amesema, shikamoo Mwalimu, na kwamba ikifika Alhamisi sijamwambia baba mkwe wake, atamwambia yeye. Nikamjibu marahaba.

Kuhusu kuliwa, Leela hajui. Hakuwahi kuuliza mwili ulikwenda wapi. Binti mwenye adabu.

Jumapili, 14 Julai

Mahubiri yalikuwa juu ya toba. Nimehisi mchungaji ananitazama. Binti yangu Dorika anasema alikuwa akitazama saa ya ukutani, nami nilikaa chini yake.

Nikiwa bado na roho laini, nimemwambia Dorika ukweli. Yeye ndiye aliyemkaanga, ana haki. Amekasirika vibaya. Anasema siku ile aliniuliza mara mbili kwa nini samaki huyu ana rangi ya chungwa, nikamjibu kwamba ni dalili ya afya. Kinachomuuma zaidi ni kwamba alikula kichwa.

Tena akaniuliza, Baba, kwa nini usiende kwa Mzee Ladha ukamwambia tu? Wanawake huona kila kitu rahisi. Rafiki aliyenibakia duniani ni mmoja. Wenzetu wote wa meza ya bao wamezikwa. Nikimpoteza Ladha nitazikwa na watu wanaonifahamu kwa jina la mtaa tu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nina mpango wa pili.

Mpango wa pili: yuko mwuza samaki wa mapambo Dar. Nimempigia. Ana samaki wa dhahabu, jike, mkubwa, mtulivu. Amenitumia picha kwenye simu. Rani mtupu! Nimetokwa na machozi. Kesho alfajiri anapakiwa kwenye basi la Mwanza, atashushwa hapa Singida mchana. Leo nitalala kama mtoto.

Jumatatu, 15 Julai

Basi limepita. Samaki hajashuka.

Wakala wa stendi ni Innocent, ambaye nilimfundisha kidato cha pili na sasa ana mvi. Ameinuka, ameniamkia, amenipa kiti, kisha akaniambia kwamba kondakta alipitiwa na usingizi na boksi langu limeshushwa Shelui. Nimemfokea. Nimemwambia mtu asiyeweza kukaa macho akabidhiwe magunia ya alizeti, si viumbe hai. Kisha nikakumbuka Septemba, nikapunguza sauti.

Upepo mkali. Baridi. Samaki wangu yuko Shelui kati ya malori, ndani ya mfuko wa plastiki. Innocent ameongea nao kwa simu: wamemweka chini ya meza ya mama ntilie. Nikamwambia wamweleze mama huyo, kwa herufi kubwa, kwamba si kitoweo! Innocent akacheka, akauliza ni nani, Mwalimu, anayeweza kula samaki wa mapambo. Nimeaga.

Jumanne, 16 Julai

Amefika! Yuko hai! Nimefungua boksi.

Ana urefu wa kidole gumba.

Nimeitazama tena ile picha. Haina kipimo. Hakuna mkono, hakuna kikombe, hakuna chochote cha kulinganishia. Kwa miaka thelathini na minne niliwanyima alama wanafunzi waliochora panzi bila kuandika kipimo, nao walilia, na sikuwahurumia.

Nisikate tamaa. Nikaunda maelezo: viumbe wote hunywea uzeeni. Mimi mwenyewe suruali zangu zote zimekuwa ndefu. Rani naye amenywea. Ladha angeweza kuamini; ananiheshimu katika sayansi. Basi nikaenda dukani wakati yeye amelala mchana, nikamfungulia mgeni ndani ya tangi, nikageuka kuchukua ndoo ya kumtolea perege.

Nilipogeuka tena, perege alikuwa peke yake. Anatafuna.

Leela alikuwa mlangoni. Alinyoosha vidole viwili, maana yake siku mbili.

Kuna wazo la manjano. Kumpaka perege. Nimelikataa, nina heshima yangu. Isitoshe manjano hayashiki majini. Nimejaribu kwenye glasi.

Jumatano, 17 Julai

Mpango wa tatu ndio bora na hauhitaji basi. Kufa leo.

Daktari amesema moyo umechoka. Ladha yuko hospitali, anapasuliwa. Nikiondoka kabla ya kesho, nitazikwa nikiwa mtu mwema, na atakapomwona perege huzuni ya msiba wangu itakuwa imefunika huzuni nyingine. Nimemwambia Dorika aninyooshee suti. Nimenyoa. Nimelala chali tangu saa tatu asubuhi, mikono kifuani.

Saa nne Dorika ameleta uji. Nimekataa. Saa nne na nusu nimeunywa.

Saa saba: maharage. Nimekula sahani mbili. Dorika alisimama na mwiko akauliza kama marehemu angependa nyongeza. Nikamjibu kwamba huo si utani wa kumfanyia baba. Lakini nyongeza nilichukua.

Saa kumi na moja jioni moyo unapiga kama saa mpya. Hata kifua hakiumi. Moyo huu hauna msaada wowote.

Leela amepiga simu: upasuaji umekwenda salama. Bandeji kesho saa tatu. Anauliza kama nitakuja. Sauti yake haikuwa ya kuuliza.

Alhamisi, 18 Julai

Nimefanya. Niandike kwa utaratibu, maana mkono unakimbia.

Nilipofika, Ladha alikuwa amekwisha rudi. Amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, jicho moja jekundu kama nyanya, limefunguka. Hakuniangalia. Alikuwa akimtazama perege, na perege akimtazama yeye.

Alisema, bila kugeuka, kwamba Mwalimu, huyu ni perege.

Nikasema ndiyo.

Akauliza kama ni perege tangu leo au tangu zamani.

Leela akanipa kiti. Basi nikasema. Usingizi, sakafu, ndoo, kamba ishirini na sita mmoja mmoja, mgeni wa Shelui aliyeishi dakika moja. Nilisema kwamba niliogopa. Kwamba sikuogopa hasira yake, niliogopa asubuhi ambayo hatokuwepo mtu wa kuniamkia. Sijawahi kusema sentensi kama hiyo kwa mwanamume mwenzangu. Niliimaliza kwa kukohoa.

Pampu ya hewa ilikuwa ikitoa povu. Kisha mabega ya Ladha yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikaanza kulia mimi. Alikuwa anacheka! Alisema miezi kumi amekuwa akimwelezea huyu perege siri zake zote. Habari za marehemu mkewe, habari za wanawe, hata mambo ambayo hajamwambia Mungu. Na kumbe ni mtu wa Singidani, ana ndugu huko, zitasambaa ziwa zima.

Halafu akaacha kucheka. Alisema Rani alikuwa mzee, na katika ukungu wake alikuwa akijiandaa kila siku kuambiwa amekufa. Siku hiyo haikuja, akadhani amependelewa. Akanishika mkono. Akasema, Mwalimu, wewe ni mwongo hodari lakini ni mlishaji mzuri, mtazame, ana kitambi. Na kwamba tumebaki wawili. Nikifa nimemkasirikia au amenikasirikia, atagombana na nani? Na Leela? Leela hushinda.

Leela alikuwa anafuta kaunta isiyo na vumbi.

Halafu Ladha akanikagua uso kwa lile jicho jipya, taratibu, kama anasoma ankara. Akasema kwamba kweli. Shikamoo.

Nikaitika marahaba, nikalia tena.

Kifua chote kimepungua uzito. Nimesamehewa! Nimerudi nyumbani dakika kumi na nane. Sijatembea hivyo tangu nistaafu.

Jambo moja dogo. Nilipokuwa mlangoni Ladha aliuliza Rani nilimzika wapi. Mdomo ulijibu kabla yangu. Ulisema: kwangu, chini ya mpapai.

Ijumaa, 19 Julai

Daktari amesikiliza moyo. Ameshangaa. Amesema chochote nilichobadilisha, niendelee nacho. Nikamwambia ni ukweli. Ameandika kwenye kadi.

Nimelala mchana bila kuota samaki.

Jumamosi, 20 Julai

Ladha amepiga simu. Kesho baada ya chakula cha mchana anakuja kwangu na Leela. Anataka kumwekea Rani maua ya njano, na ametoa dukani kigae kimoja cheupe na saruji kidogo, akijenge kaburini pale chini ya mpapai. Anasema hiyo ndiyo sababu nyingine ya kushukuru kuona. Hajaja kwangu miaka miwili, atafurahi kuuona uwanja.

Sina mpapai.

Jumapili, 21 Julai

Sikwenda ibadani. Kazi.

Mpapai uliopo karibu ni wa jirani yangu Abraham, hatua tatu upande wa pili wa uzio wa miti. Nimemwendea mapema kabla hajatoka, nimemwomba kwa heshima zote tuusogeze uzio hatua nne kuelekea kwake, kwa saa mbili tu, na jioni tuurudishe. Aliuliza kama nimekunywa dawa. Mwishowe amekubali, kwa sharti kwamba kigae kikishajengwa atakayekaa nacho ni yeye, na watu wakimwuliza Rani ni nani atajibu anavyotaka. Sharti la haki. Tumeng'oa nguzo sita. Moyo unapiga vizuri ajabu.

Kilichobaki ni kaburi lenyewe kuonekana la miezi kumi. Nimeligonga kwa kisigino, nimetandaza majani makavu, nimeweka mawe matatu. Kaburi la heshima. Nimesimama mbele yake nikajikuta nimevua kofia.

Dorika alitazama yote kutoka jikoni, mikono kiunoni. Sasa hivi amekuja kuniambia kwamba gari la Leela linakata kona, na kuniuliza, Baba, kwa nini usimwambie Mzee Ladha ukweli tu ikaisha?

Nimemjibu kwamba ukweli nilishausema Alhamisi. Mtu wa moyo kama wangu hawezi kuusema mara mbili katika wiki moja.