Msemaji wa Mahari ya Elsa

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimeamua. Mahari ya shemeji yangu Elsa inapokelewa mwezi ujao, na msemaji wa familia nitakuwa mimi, Aloys wa Kanyosha. Si Fortunat. Fortunat kamuoa dada yake mkubwa, ana kazi serikalini, anakaa Ngagara, basi anadhani mdomo wa familia ni wake. Tangu baba mkwe afariki, neno la mwisho analo mama mkwe, Mama Consolée. Kwa hiyo nimewaalika wote matembezi Jumamosi: bustani za masista kule milimani, kisha kijiji cha kale cha wafalme. Huko ataona nani anajua mila. Mke wangu Orlane ameniuliza mila nimejifunzia wapi. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya mazoezi ya hotuba bafuni. Jirani kaja kuuliza kama tumefiwa. Vizuri. Sauti inafika.

Jumamosi, 9 Agosti

Bustanini nilimweleza mama mkwe habari za mawaridi, kwa kirefu. Kumbe yeye anatafuta miche ya mboga ya lengalenga. Fortunat akaipata, akambebea. Anajipendekeza huyu!

Sikukata tamaa. Kijijini nilitoa silaha yangu: kibuyu cha urwarwa, pombe ya ndizi safi kabisa. Mbele ya nyumba ya nyasi ya mfalme nikapiga goti, nikasema maneno mazito, nikamkabidhi mama mkwe kibuyu na mrija wake. Yeye wa kwanza, kwa heshima zote.

Akautazama mrija. Akanitazama mimi. Akauliza taratibu, "Mukwe, we unataka mi ndo nikufe mbele?"

Sikuonja. Mwenye pombe huonja kwanza, wageni wakimwona, wajue haina sumu. Hata watoto wa mjini Nyakabiga wanalijua hilo. Fortunat akakichukua kibuyu, akavuta kidogo, akampa. Mama mkwe akanywa bila wasiwasi. Nilitamani ardhi inimeze. Wakati wa kurudi nilipakatishwa miche ya lengalenga.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa mama mkwe katangaza. Msemaji ni Fortunat. Mimi siku hiyo nitaonja kila kinywaji mbele ya wageni, labda mila itaniingia. Wakacheka wote, na Orlane kuwashinda. Imeniuma sana. Nilikuwa nimeshaazima koti.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekaa nikafikiri. Nisipoonja mimi, hakuna wa kunywa. Si wakwe, si mama mkwe, si Fortunat mwenyewe na koo lake kavu. Watu wote watanisubiri, macho kwangu. Na mimi sitagusa mrija mpaka nimalize hotuba yangu.

Leo nimeanza kuirefusha.