Bampa Langu na Tuta la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Gari limerudi kutoka kwa fundi wa rangi. Linameremeta! Bampa la mbele unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Fundi kaniaga kwa kusema tuonane mwezi ujao. Sikucheka.

Mke wangu naye hakucheka. Kasema hii ni mara ya tatu tangu mwaka uanze, na bampa likikwaruzwa tena gari linauzwa, tutafute kitu kinachopita barabarani kama vya wenzetu. Nikamweleza kwamba gari hili heshima yake ni huko kukaa kwake chini. Akaniuliza ni heshima gani hiyo ya kusaga lami. Kisha akaniambia hatarudia. Namjua. Akisema hatarudia, huwa harudii.

Basi nimebaki mimi na tuta. Liko hatua kama mia kutoka getini kwetu, mbele ya shule ya chekechea, na njia nyingine ya kutoka mtaani hakuna. Leo nimelipima kwa rula ya ofisini. Kimo: sentimita kumi na nne. Bampa langu kutoka chini: kumi na moja. Nikiwa nimelala kifudifudi napima, akapita mwanyumba wangu, yule aliyemuoa mdogo wa mke wangu, na pikapu lake refu lisiloeleweka rangi. Alivuka tuta bila hata kugusa breki, mkono mmoja uko dirishani. Halafu akarudi kinyumenyume kuniuliza kama nimeanguka.

Sijaanguka! Siku hizi mtu hawezi kupima kitu chake kwa amani.

Jumatano, 5 Juni

Mpango: mbao mbili ndani ya buti. Nikifika kwenye tuta nashuka, nazipanga ziwe ngazi ya kupandia, navuka, nashuka tena, nazikusanya. Dakika nne tu.

Kuvuka nimevuka. Bampa halikugusa kitu. Niliposhuka kukusanya mbao, kumbe nyuma yangu kuna foleni. Teksi ikapita juu ya mbao zangu, ikafuata nyingine, likafuata lori la mchanga. Dereva wa lori akatoa kichwa nje kunishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea. Mbao zikabaki vipande sita. Nimefika kazini nimechelewa, mkuu wa masjala akanitazama, akatazama saa ya ukutani, akanitazama tena.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango mpya, hauna kushuka. Nimekata godoro la wageni, lile la sponji, nikalifunga mbele ya bampa kwa kamba, tabaka mbili. Mke wangu hana habari za godoro. Mwanyumba kaniuliza gari limelazwa wodi gani. Mwache aseme. Nimevuka tuta, sponji ikabonyea, gari likateleza juu yake kwa ulaini wa ajabu. Sikuamini! Nikageuza nikavuka tena, bila safari yoyote, kwa raha zangu.

Saa tano mvua ikanyesha. Sponji ikanywa maji yote ya maegesho ya ofisini. Ikanenepa, ikaning'inia, na uzito wake ukavuta bampa. Jioni nimepima: sentimita kumi. Yaani nimepoteza sentimita nzima kwa kulilinda.

Jumapili, 9 Juni

Nimetumwa kumleta mama mkwe kwa chakula cha mchana. Anakaa ng'ambo ya tuta. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na tuta lile ni la kwake. Alizunguka maofisini miaka minne kulidai, baada ya mtoto wa chekechea kuvunjwa mguu na pikipiki. Kwa hiyo mbele yake sithubutu kulisema vibaya.

Tulipolikaribia nikamwomba, kwa adabu zote, kama angeweza kushuka kidogo ili gari livuke likiwa jepesi. Akaniuliza kwani amenenepa kiasi gani. Nikasema hapana, Mama, ni suala la kitaalamu tu. Akashuka na kapu lake, akaenda zake kwa miguu. Hakupanda tena. Nilipofika nyumbani alishanawa mikono na kuanza kula, na mke wangu alikuwa amenikazia lile jicho lake. Wakati wa kulala akaniuliza godoro la wageni limekwenda wapi. Nikasema limeanikwa.

Jumanne, 11 Juni

Mjinga mimi! Nahangaika na mbao na magodoro, wakati mimi ni mtu wa kalamu. Miaka kumi na tisa katika masjala ya ofisi ya maji, barua gani itanishinda? Leo, saa ya chai, nimeiandikia ofisi ya barabara.

YAHUSU: KUONDOLEWA KWA TUTA LISILO NA TIJA. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wengi wa mtaa tumesikitishwa. Nikaeleza madhara ya tuta kwa uchumi, kwa migongo ya wazee, na hasa kwa magari ya chini yenye hadhi. Mwisho nikaweka: Ni sisi Wapenda Maendeleo. Jina sikuweka, mimi si mtoto. Ila namba ya kumbukumbu nimeweka. Barua isiyo na namba haiheshimiwi popote, na hata mtu asiyejulikana anastahili jalada. Nimeipeleka mwenyewe, nimevaa miwani ya jua.

Nina furaha ambayo sijaipata tangu ninunue gari.

Ijumaa, 14 Juni

Maafa. Mama mkwe kaniita kwake jioni. Nimekwenda kwa miguu. Mezani kuna nakala ya barua yangu! Ofisi ya barabara imeituma kwa kamati ya mtaa ili itoe maoni. Ofisi ambayo haijawahi kujibu mtu ndani ya mwaka, safari hii imejibu kwa siku tatu.

Akaniambia nikae. Akanisomea barua yote kwa sauti, polepole, mpaka kwenye magari ya chini yenye hadhi. Hayo akayasoma mara mbili. Nikatingisha kichwa kwa uchungu, nikasema watu wengine hawana haya. Akasema kweli kabisa. Kisha akasema yeye sasa macho yanamsumbua, na katika ukoo mzima hamjui mtu mwenye mkono mzuri wa barua kama mimi. Ningemsaidia kuandika majibu?

Ningesema nini? Nimesema ndiyo, Mama.

Jumamosi, 15 Juni

Nilipanga kuandika majibu mabovu. Mistari mitatu, baridi, isiyomgusa mtu. Nimekaa nayo tangu asubuhi, lakini mkono haukubali. Ukishaandika Tafadhali husika, barua inataka kwenda yenyewe. Na yule mpumbavu wa Wapenda Maendeleo ana hoja dhaifu sana! Uchumi gani unaozuiwa na tuta moja? Nimemvunjavunja aya kwa aya.

Halafu nikafika kwenye watoto. Nikaandika kwamba kila asubuhi binti yangu, anayesoma hapo chekechea, anavuka pale na mfuko wake mkubwa kuliko mgongo, na kwamba anavuka bila kutazama huku wala huku, kwa sababu hajawahi kufundishwa kuogopa barabara ile. Nikaweka kalamu chini. Nimelia, nakiri. Mke wangu akaingia, akaniuliza kuna nini, nikasema vitunguu. Nilikuwa sebuleni.

Kurasa mbili. Barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimeipeleka kwa mama mkwe kabla sijabadili nia.

Jumatatu, 17 Juni

Kikao cha mtaa. Mama mkwe kaisoma barua yangu mbele ya watu. Mwanyumba alikuwa anajipangusa macho kwa kofia. Afisa wa ofisi ya barabara, aliyealikwa kusikiliza malalamiko, kasema tangu aajiriwe hajapata kuelimishwa hivi. Mama mkwe akaniomba nisimame. Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo, kisha nikainama tena upande ule wa pili.

Katikati ya makofi afisa akatangaza kwamba kwa uzito wa hoja zilizotolewa, tuta la zamani linabaki, na litaongezwa la pili, kubwa zaidi, kati ya shule na nyumba za mwisho. Nyumba ya mwisho ni yangu. Niliendelea kuinama, maana sikujua nifanye nini kingine.

Alhamisi, 20 Juni

Wanalijenga. Hatua tano kutoka getini! Nimewapelekea mafundi maji ya kunywa, nikawaambia kwa upole kwamba kitaalamu tuta la sentimita nane linatosha. Mmoja akanionyesha karatasi yenye mhuri: kumi na sita, kama ilivyoshauriwa na mwandishi wa barua. Kumbe niliandika hivyo. Nimerudi kuangalia nakala yangu. Ukurasa wa pili, mstari wa nne.

Jumamosi kuna uzinduzi. Kamati imeamua kwamba gari la kwanza kuvuka liwe la mwandishi wa barua. Mwanyumba ndiye aliyetoa wazo hilo, na mama mkwe akaliunga mkono. Mke wangu, ambaye huwa harudii, safari hii karudia, huku anakunja nguo, kwamba neno lake liko palepale. Mkwaruzo mmoja, gari linauzwa.

Ijumaa, 21 Juni

Nimelipata! Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kulifikiria. Bampa la mbele linaumia kwa sababu linatangulia. Kesho nitavuka kinyumenyume. Bampa la nyuma liko juu, sentimita ishirini na mbili, nimelipima mara mbili. Watu wataona madaha, hawataona mbinu. Nalala mapema, nimepiga pasi shati jeupe.

Jumamosi, 22 Juni

Watu walijaa. Watoto wa chekechea walipangwa mstari, kila mmoja na bendera ya karatasi. Mama mkwe alikata utepe. Nikaingia garini, nikatoka getini kwa nyuma, taratibu, shingo nimeigeuza, mkono mmoja dirishani. Minong'ono. Bampa la nyuma likapita juu ya tuta bila kuligusa. Tairi za nyuma zikapanda, zikashuka. Makofi! Binti yangu alikuwa anarukaruka. Nikapunga mkono. Tairi za mbele zikapanda, zikashuka.

Nilichosahau ni kwamba bampa la mbele nalo lazima lipite, hata likija mwisho.

Mlio ulikuwa mrefu. Gari likaendelea kurudi nyuma, bampa likabaki juu ya tuta, zima, na rangi yake yote mpya. Mtoto mmoja akauliza kama gari limezaa. Mwanyumba ilibidi akae chini pembeni ya barabara. Mke wangu akachukua simu yake akaanza kulipiga gari picha, pande zote nne, kama wanavyofanya watu wanaouza.

Watu walipotawanyika mama mkwe akashika ncha moja ya bampa, mimi nikashika nyingine, tukalibeba hadi nyumbani. Njiani akaniambia kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Barua ya Wapenda Maendeleo ilikuwa na namba ya kumbukumbu ya ofisi ya maji, na mtaa mzima gari la chini ni moja. Nikataka ardhi inimeze. Nikamuuliza, sasa kwa nini alinipa mimi niandike majibu. Akasema miaka yote ya ualimu, mwanafunzi aliyekuwa anapiga kelele kupita wengine ndiye aliyempa uongozi wa darasa. Tena hakupata kuona barua nzuri kama ile, akasema, na yale ya binti yangu niliyaandika mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Nilisema tu bampa zito, Mama, tupumzike.

Jumapili, 23 Juni

Mama mkwe kaniombea. Amemwambia mke wangu mtu aliyeupatia mtaa tuta asinyang'anywe gari siku ya pili yake. Mke wangu kakubali kwa shingo upande, kwa sharti moja. Akachukua ufunguo. Tukalifunga bampa kwa waya, akakaa kwenye usukani, nami pembeni nimefumba macho. Akalifikia tuta jipya mshazari, tairi moja kwanza, polepole kabisa, kisha ya pili, kisha ya nyuma, kisha ya mwisho. Kimya. Akaenda la zamani, vilevile. Akageuza, akarudi. Bampa halikugusa hata vumbi. Akasema hivi ndivyo anavyopita kila anapokwenda sokoni, tangu tununue gari, na alidhani najua. Sharti ni hilo: nipite mshazari, polepole. Nikikwaruza tena, hata mama yake hataniokoa.

Nimeahidi. Nimeahidi mbele ya wote wawili na binti yangu akiwa shahidi.

Jumatano, 26 Juni

Nimeufikiria sana ule mshazari. Ni bahati tu. Mke wangu ni mwepesi, na siku ile barabara ilikuwa kavu. Isitoshe mwanaume hawezi kuingia mtaani kwake ubavuubavu kila siku, watu wakimtazama. Suluhisho la kudumu lazima liwe la kitaalamu.

Nimepita kwa fundi wa rangi. Kasema mikwaruzo ya chini ya bampa haina haja ya kupakwa rangi upya, kuna kidevu cha plastiki kinachofungwa chini yake, cheusi, cha kisasa, kinafunika kila kitu. Kinashuka sentimita nne tu. Nimekiweka leo leo. Gari limependeza mno! Limekaa chini kabisa, kama linavyotakiwa. Kesho asubuhi nalipeleka moja kwa moja kwa mama mkwe akalione.