Skuta ya Shemeji Dzoro

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Shemeji Dzoro ameandika kutoka Doha. Anafika Ijumaa kwa likizo. Anasema skuta aliyotuachia kama amana sasa ataitoa moja kwa moja, apewe yule anayejua kutunza kitu. Yule! Kana kwamba tuko wengi. Tuko wawili: mimi niliyemwoa Kache, dadake, na Zakariya aliyemwoa dada mkubwa. Mwanyumba wangu. Mke nilichagua, mwanyumba nililetewa.

Zakariya anakaa kichochoro cha pili, hapa hapa Mji wa Kale. Amekuja kabla sijamaliza chai. Akanishauri skuta ipelekwe kwa fundi wake wa Makupa, atanisindikiza yeye mwenyewe. Nimemwelewa. Anataka Dzoro aambiwe imetengenezwa kwa hisani ya Zakariya. Nimemjibu kwamba karani wa ghala la Shimanzi kama mimi hashindwi na kitu cha magurudumu mawili.

Jioni nimebadilisha oili mwenyewe. Nimelala chali uani, nikaona bolti, nikaifungua. Ikatoka oili kidogo tu, haijazi kikombe. Masikini, ilikuwa na kiu! Nimefunga, nikaimiminia chupa nzima mpya. Kache ameuliza kama nina hakika. Miaka yote hii ya ndoa na bado anauliza.

Jumanne, 9 Septemba

Moshi! Mweupe, mzito, kutoka mlangoni kwetu hadi Ngome ya Yesu. Watalii wameiacha ngome, wakanipiga picha mimi. Kanga za Bi Nasiha, mwenye nyumba wetu, zilikuwa zimeanikwa dirishani. Amezifua upya akitaja jina langu.

Nimeizima, nikaisukuma hadi nyumbani. Nani yuko barazani na kikombe cha kahawa? Zakariya. Akaeleza kwa sauti ya mnadani kwamba skuta ina oili mbili, ya injini na ya gia, kila moja na bolti yake. Eti nimemwaga ya gia, kisha nikaijazia injini iliyokuwa imeshiba. Nimesema nilijua, nilikuwa nasafisha bomba kwa moshi. Wazee wa kahawa wamecheka. Mmoja amepaliwa. Vizuri.

Nimerekebisha kama alivyosema, kwa sababu alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu akiwa adui wako, basi na awe mwongo.

Jumatano, 10 Septemba

Sasa breki zinalia. Nikizishika tu, kiii, mtaa mzima unachungulia. Kache ameomba breki angalau zipelekwe kwa fundi. Anasema breki si kitu cha kujifunzia. Nimemwuliza bawaba ya mlango ikilia anaifanyaje. Akasema anaitia mafuta. Basi!

Nimefungua magurudumu yote, nikapaka ndani mafuta ya nazi, yale mazuri ya nywele zake. Kimya kabisa! Nimepita mbele ya Zakariya nikishika breki makusudi, asisikie chochote. Hakusikia. Ilichelewa kidogo kusimama, lakini hata meli haisimami papo kwa papo.

Alhamisi, 11 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Kache alikuwa na dera za kumpelekea mteja, mteja mpya, mwenye duka. Ameshona wiki nzima. Nikampakia. Kwenye mteremko karibu na Marikiti nimeshika breki. Nikashika tena. Nikamwita Mungu. Mbele yetu mkokoteni wa hamali, umejaa matikiti.

Mimi mzima. Goti la Kache limechanika, na dera zimelowa maji mekundu ya matikiti. Hamali amenitukana mpaka babu zangu waliozikwa Kaloleni. Kache hakutukana. Amejifunga goti kwa mtandio, akaokota kifurushi chake, akarudi nyumbani kwa miguu akichechemea. Nimeisukuma skuta nyuma yake, nikimweleza kwamba hamali hakupaswa kusimama pale.

Nimeona aibu. Kweli kabisa, nimeona aibu, mpaka nilipofika nyumbani nikamkuta Zakariya ameshatangulia na pamba na dawa.

Ijumaa, 12 Septemba

Dzoro alitarajiwa baada ya swala. Breki nimezifuta kwa sabuni, zinashika kidogo. Shida ni harufu: oili iliyoungua na tikiti lililochacha. Mgeni hapokewi kwa uvundo. Nguo hufukizwa udi, chumba hufukizwa, bibi harusi hufukizwa. Skuta imekosa nini?

Nimechukua chetezo cha Kache, nikatia makaa mekundu na udi wa sikukuu. Nikakiweka chini ya skuta, nikaifunika kwa shuka ili moshi usitoroke. Nikaenda kuoga.

Nimetolewa bafuni na ukelele wa Bi Nasiha: "Mung'aro! Wataka kutuchoma wewe?" Shuka inawaka, kiti kinayeyuka, mafuta ya nazi yanachuruzika yakishika moto. Zakariya ametokea sijui wapi, anamwaga mchanga ndoo juu ya ndoo. Na Dzoro ndiyo kwanza anaingia na sanduku lake. Amemwona mwanyumba wangu amejaa masizi kama shujaa. Amenikuta mimi na taulo.

Ameitazama skuta, kisha goti la dadake, kwa muda mrefu zaidi. Akasema skuta ni ya Kache. Si yangu, wala si ya Zakariya. Na mimi nisiiguse, hata kuifuta vumbi. Kache akakubali haraka kuliko alivyonikubali mimi.

Faraja ni moja: uso wa Zakariya ulivyomshuka.

Jumatatu, 15 Septemba

Skuta ina kiti kipya na breki mpya. Kache anaiendesha mwenyewe. Mimi nakaa nyuma nimepakata vifurushi. Wazee wa barazani wanamsalimu yeye, wanamwuliza habari za goti. Mimi ni mzigo.

Amenunua vifaa vyake. Leo asubuhi amefungua plagi, ile ya cheche ya kuwasha injini, akaisugua kwa brashi, akairudisha kwa vidole, kisha akaikaza kidogo tu, kwa upole, kama anafunga chupa ya marashi. Nimesimama kando, mikono mgongoni. Nimemwambia plagi hukazwa kwa nguvu. Akasema ikizidishiwa nguvu hukatikia ndani, asante, akaenda zake kupika.

Alasiri amelala, goti limemchosha. Kesho anarudi kwa yule mwenye duka na dera alizoshona upya. Amesema huyo mwenye duka amempa nafasi ya mwisho, asichelewe. Na plagi imelegea vile! Mume gani angevumilia?

Nimechukua spana yake ya plagi, nikaikaza kiume, kwa mikono miwili. Imekataa, imekataa, kisha ikalia tak na ikawa nyepesi ghafla. Hapo ndipo imekaa sawasawa. Nimerudisha spana mahali pake. Sitamwambia, maana sipendi kushukuriwa.